Vipaipu vya Oili: Ving'olewe au Vikaguliwe?

Hoja iliyo mezani ni hii: mwenye gari la injini ya rota aung'oe mfumo wa kudunga oili uliotoka nao kiwandani, na badala yake achanganye oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) kwenye petroli kila anapojaza tangi. Si hoja ya kupimia ufasaha, kama zile za shuleni za mwalimu na daktari nani bora. Hii ina hasara yake mfukoni. Anayekosea hapa anapoteza injini, na injini za rota hazijapangwa madukani Gerezani zikisubiri wateja kama za Toyota.

Wasemaji ni wanne na nimewaita kwa kazi zao: Mwalimu wa ufundi, Mwenye gari, Fundi wa mashine za boti na Fundi wa gereji. Mimi ni mwenyekiti. Mwenyekiti hatakiwi kuwa na upande, lakini ninao, na mtaujua kabla hatujafika mwisho.

MWALIMU: Tuanze na kilichomo ndani, maana nusu ya ugomvi huu inatoka kwa watu wanaoifikiria injini hii kama ya Corolla. Kwenye injini ya pistoni, oili inatoka chini. Krenki inazunguka, oili inarukia ukuta wa silinda, ringi zinaikwangua irudi kwenye sampu. Injini ya rota haina hiyo "chini". Rota yenye pembe tatu inazunguka ndani ya kasha, na kila pembe ina sili ya ncha inayosugua ukuta wa kasha muda wote injini inapowaka. Pande zote tatu za rota zinapokea moto kwa zamu, kwa hiyo hakuna upande uliobaki wa kurushia oili. Oili ya kulainisha sili hizo inabidi iletwe kutoka nje, kidogo kidogo, iungue pamoja na petroli na kutokea kwenye ekzosi. Pampu ya kupimia oili, vipaipu vyake na pua zake za kudungia vipo kwa kazi hiyo tu.

MWENYE GARI: Kwa hiyo injini imeundwa ile oili?

MWALIMU: Imeundwa ile oili, dada. Na tatizo la sili ndilo lililowatesa waanzilishi. Felix Wankel alikuwa Mjerumani, na gari la kwanza la rota kuuzwa, NSU Spider, lilitoka mwaka 1964. Mwaka 1967 NSU wakatoa Ro 80, gari zuri mno, lakini sili zake zilichakaa mapema na gharama ya kubadilishia wateja injini ikaiumiza kampuni. Kufika 1969 NSU ilikuwa imeingia mikononi mwa Volkswagen. Huko Hiroshima, Mazda walimpa Kenichi Yamamoto timu ya wahandisi 47 wapambane na jambo hilohilo. Walipofungua injini zao za majaribio walikuta mikwaruzo ya mawimbi kwenye ukuta wa kasha, wakaiita makucha ya shetani. Cosmo Sport ya 1967 ilitoka baada ya kazi hiyo.

Hapo nilimkatisha mwalimu, kwa sababu historia ya rota ina tabia ya kumaliza mchana. Tukampa nafasi mwenye gari, ambaye ndiye aliyeibua mjadala.

MWENYE GARI: Gari langu ni Mazda RX-8. Niliagiza Japani kwa sababu bei yake ilikuwa chini kuliko magari mengine ya umri ule, nikajiona nimeokota. Halikukaa sana taa ya oili ikawaka. Gereji ya kwanza wakaniambia: dada, ringi za pistoni zimekwisha, injini inakula oili, tufungue tufanye ovahoo.

MWALIMU: Pistoni iko wapi ya kuvaa ringi?

MWENYE GARI: Hilo nililijua baadaye. Bahati nzuri pesa sikuwa nayo siku ile. Nikawa nanunua oili na kujiongezea mwenyewe. Halafu ikafika wakati oili ikaacha kupungua. Nachomoa kijiti, kinasoma palepale. Wiki ya pili, palepale. Nikafurahi kweli, nikawaambia watu gari limepona.

FUNDI WA GEREJI: Ndipo lilipoanza kuugua, dada.

Nataka tukae kidogo kwenye jibu hilo, kwa sababu linapindua kila tulichofundishwa na magari yetu ya kawaida. Tumezoea kwamba gari lisilopunguza oili ni gari zima. Ukienda kununua gari la mtu, atakuapia kwamba halijawahi kuongezwa oili kati ya sevisi na sevisi, na utampandishia bei kwa hilo. Kwenye injini ya rota yenye mfumo wake kamili, sifa hiyo ni dalili ya ugonjwa. Oili isipopungua, maana yake haifiki inakotakiwa kuungua: pampu imekwama, au kipaipu kimeziba, au pua ya kudungia imejaa masizi. Gari litaendelea kuwaka. Halitagonga wala kuchemsha. Sili zitakuwa zinasaga ukuta mkavu kimyakimya, mpaka asubuhi moja kompresheni haitoshi kuwasha injini ikiwa ya moto.

FUNDI WA BOTI: Sasa mnanisaidia mimi kuliko ninavyojisaidia mwenyewe. Mimi naunga mkono hoja. Mfumo unaoharibika bila kupiga kelele hauna heshima kwangu. Pwani yote hii, kuanzia Tanga hadi Mtwara, mvuvi ana mashine ya kuning'iniza nyuma ya boti, na oili anaichanganya mwenyewe kwenye dumu la petroli. Hakuna pampu, hakuna kipaipu, hakuna kompyuta. Petroli ikifika, oili imefika. Petroli isipofika, mashine imezima, na mashine iliyozima haisagiki. Niambieni ni mfumo gani wa kiwandani unaotoa dhamana hiyo.

FUNDI WA GEREJI: Mzee wangu, mashine yako inapozwa na bahari.

FUNDI WA BOTI: Na gari lenu linapozwa na rejeta. Endelea.

FUNDI WA GEREJI: Nitaendelea, lakini kwanza nikubali jambo moja. Vipaipu hivi ni vya plastiki. Viko juu ya injini yenye joto kali kuliko nyingi, vimepita sehemu ambayo mtu haoni. Vikiwa vipya vinaangaza, unaona oili ndani yake. Vikizeeka vinakuwa vya njano, halafu kahawia, na vinakauka kiasi kwamba ukivikunja kidogo tu vinakatika mkononi. Vingi havivunjwi na barabara. Vinavunjwa na fundi aliyekuja kubadilisha kitu kingine, akavisukuma pembeni kwa mkono, akafunga manifoldi, akaondoka zake.

MWENYE GARI: Kwangu hilo lingejulikanaje?

FUNDI WA BOTI: Oili ingepungua.

FUNDI WA GEREJI: Ndiyo, na hapo pana mtego. Kijiti kinakuambia oili imetoka kwenye sampu. Hakikuambii imekwenda wapi. Kipaipu kikiwa na ufa, pampu itasukuma oili ile nje, idondoke juu ya kasha la injini, iungue hapo. Dada ataona oili inapungua kama kawaida na ataridhika, huku sili zake hazipati hata tone. Kwa hiyo tulichosema mwanzo ni nusu tu. Oili isipopungua, una tatizo. Ikipungua, bado hujathibitisha kitu. Lazima uone kwa macho.

Kwa mawazo yangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa siku hiyo, na ilitoka kwa mtu anayepinga hoja, ikaipa nguvu hoja anayoipinga. Nikamwomba fundi aeleze anavyokagua, taratibu, maana wengi husema "nimekagua" wakiwa wamemulika tochi na kufunika boneti.

FUNDI WA GEREJI: Injini iwe baridi. Plastiki iliyozeeka ukiigusa ikiwa ya moto unajitafutia. Kwenye RX-8 natoa manifoldi ya juu ya hewa ili nione pua zenyewe. Bila kuitoa unakagua nusu. Kisha nafuta kila kitu kwa kitambaa kikavu, kwa sababu kwenye injini iliyojaa uchafu huwezi kutofautisha oili ya jana na ya mwaka juzi. Naangalia kwanza pale plastiki inapoungana na kichwa cha chuma kinachofungwa kwa bolti yenye tundu. Nyufa nyingi zinaanzia hapo. Sikunji, naangalia tu. Kikiwa kimeiva rangi ya chai, sijadiliani nacho, kinabadilishwa.

MWENYE GARI: Kama vimebaki safi?

FUNDI WA GEREJI: Naangalia oili iliyo ndani. Inatakiwa iwe imejaa bila kukatika. Kijipovu kimoja si neno, lakini nikiona hewa na oili vinapishana, najua kuna mahali hewa inaingia. Halafu nataka niione ikitembea. Kwenye RX-7 ya 1986 hadi 1988 pampu ni ya makanika, ina mkono unaovutwa na mfumo wa mafuta. Injini ikiwa inaunguruma polepole, unausukuma mkono ule hadi mwisho na unaona povu linasogea kuelekea kwenye pua. Kuanzia 1989 pampu inaamriwa na kompyuta, kwa hiyo nachukua kalamu, natia alama kwenye kipaipu penye povu, nawasha, nasubiri. Povu likiganda palepale wakati wenzake wanasogea, kipaipu hicho kimekufa.

MWALIMU: Kitabu cha kiwanda kina kipimo.

FUNDI WA GEREJI: Kipo, na mwenye kitabu akifuate. Unafungua vipaipu upande wa pua, unakinga kila kimoja kwenye chombo chake chenye alama, unaendesha injini kwa mizunguko na dakika ulizoambiwa, unapima. Lakini usisahau kwamba wakati huo sili hazipati oili, kwa hiyo tangi liwe limeshachanganywa 2T kabla hujawasha. Hata bila kitabu, vipaipu vinavyolisha makasha mawili havitakiwi kutofautiana. Kimoja kikitoa nusu ya mwenzake, rota moja inanyimwa.

FUNDI WA BOTI: Na pua yenyewe?

FUNDI WA GEREJI: Pua ina vali ya njia moja. Naisafisha, napuliza kwa mdomo. Upande mmoja hewa inapita, upande wa pili inagoma. Ikipita kotekote, au ikigoma kotekote, haifai. Sitii hewa ya kompresa hapo, ile ni vali ndogo sana. Pia kila pua ina mpira wake mwembamba unaoiletea hewa safi kutoka baada ya chujio, ili mvuto wa injini usifyonze oili ovyo. Mpira huo ukichomoka, mambo yote yanaharibika na watu wanalaumu pampu. Wakati wa kufunga naweka washa mpya za shaba, nakaza kwa adabu kwa sababu bolti hizi zina tundu katikati na zinakatika, na kabla ya kufunga navijaza vipaipu oili kwa sirinji. Ukivifunga vitupu, injini itakimbia kavu mpaka pampu ivijaze, na pampu hii haina haraka.

Hakuna aliyembishia. Fundi wa boti alitaka tu kujua kazi yote hiyo inachukua muda gani, na alipoambiwa ni ya siku moja kwa mtu asiyekimbizana, akacheka: yeye kumimina oili kwenye dumu hakumchukui dakika.

FUNDI WA BOTI: Nina hoja mbili nyingine. Ya kwanza, pampu yenu inanyonya oili kutoka sampu. Ni oili ileile iliyokwishazunguka injini, chafu, na imetengenezwa ikae kwenye injini, haikutengenezwa iungue. Ina viungo vinavyoacha majivu. Oili ya 2T imeundwa iungue. Ya pili, oili iliyochanganywa inaingia pamoja na petroli na kutapakaa. Ya kwenu inatoka kwenye vitundu.

MWALIMU: Hiyo ya pili Mazda wenyewe wameikubali kwa vitendo, mzee. RX-8 za mwanzo zilikuwa na pua mbili kwa kila rota, zikimwaga oili pembeni zaidi kuliko katikati ya sili. Toleo la 2009 liliongezwa pua ya tatu kwa kila rota, na pampu zikawa za umeme.

FUNDI WA BOTI: Basi nimemaliza.

FUNDI WA GEREJI: Hujamaliza, mzee. Umeshuka mteremko wa Kitonga?

FUNDI WA BOTI: Nimeshuka kwa basi.

FUNDI WA GEREJI: Dada akishuka Kitonga na RX-8 atatia gia ndogo na kuondoa mguu kwenye mafuta. Kompyuta ikiona hivyo inakata petroli, maana haihitajiki. Injini bado inazunguka kwa kasi, sili zinasugua, na petroli haiingii. Kama oili yako yote imo ndani ya petroli, mteremko ule wote unashuka mkavu, unategemea utando uliobaki ukutani. Pampu inayozungushwa na injini haisimami wakati huo, inaendelea kudondosha. Mashine ya boti haina mteremko. Ukiachia mafuta, maji yanaisimamisha.

Fundi wa boti alinyamaza, na si mtu wa kunyamaza. Baadaye alisema kwamba waendesha mashindano ya rota wengi wanachanganya, nao pia wanaachia mafuta kwenye kona. Ni kweli. Ila injini ya mashindano inafunguliwa kwa ratiba, na mwenye gari huyu anataka kwenda Mbeya na kurudi.

MWENYE GARI: Mimi nina swali la kijinga. Nani atachanganya?

FUNDI WA BOTI: Wewe.

MWENYE GARI: Mimi, mume wangu, mdogo wangu anayeliazima Jumamosi, na fundi anayelijaribu barabarani akaweka lita kumi za shukrani. Wote hao wakumbuke?

MWALIMU: Na wakumbuke hesabu. Mchanganyo unaotumiwa na wengi walioondoa pampu ni sehemu moja ya oili kwa sehemu kama 128 za petroli, karibu mililita 8 kwa lita. Tangi la lita 60 linataka takriban nusu lita ya 2T. Imwagwe kabla ya petroli, ili petroli iivuruge inapoingia. Na si kila 2T. Ile ya mashine za boti imeundwa kwa injini zinazopozwa na maji na zisizofikia joto hili. Ya pikipiki, yenye alama ya JASO FD, inavumilia joto zaidi na haiachi masizi mengi.

Swali la mwenye gari halikuwa la kijinga hata kidogo. Mvuvi anachanganya dumu lake kwa sababu dumu ni lake, na mashine ni yake, na akikosea ni yeye atakayepiga kasia. Gari la familia lina mikono mingi. Upande unaounga mkono hoja haukuwa na jibu la hapo, na mimi sijalipata pia.

Palikuwa na njia ya katikati, ikapita haraka. Wapo wanaoacha pampu na vipaipu mahali pake lakini wanaipa pampu tangi dogo la pekee lenye 2T safi, isinyonye tena oili ya sampu. Ni wazo zuri, na linaondoa lawama ya oili chafu. Ila vipaipu ni vilevile, bado vinakauka, na sasa una tangi la pili la kusahau.

FUNDI WA GEREJI: Na kwa wanaotaka kung'oa tu, wajue hili. Kwenye RX-7 ya pampu ya makanika unaweka kibati cha kuziba, umemaliza, kompyuta haijui lolote. Kwenye zile za 1989 na kuendelea, na kwenye RX-8, kompyuta inaiulizia pampu. Isipojibiwa inajilinda, inakata nguvu, gari halipandi mizunguko. Nimeletewa magari ambayo pampu imening'inizwa pembeni kwa waya, haidungi chochote, ili tu kompyuta idanganyike.

Uamuzi wa mwenyekiti, basi. Hoja imeanguka kwa gari la barabarani lenye pampu ya kielektroniki: mfumo ubaki, vipaipu vikaguliwe kwa kufunguliwa mara moja kwa mwaka, na kila manifoldi ya juu inapotolewa kwa kazi yoyote nyingine. Mwenye kupenda aongeze nusu ya dozi ya 2T kwenye tangi juu ya kile pampu inachotoa. Haitamdhuru, ila asizidishe, maana oili nyingi inachafua plagi na kuziba katalaiza ya ekzosi. Hoja imepita kwa gari la mashindano, na kwa RX-7 ya zamani yenye mwenyewe mmoja asiyemwazima mtu.

Mwenye gari apeleke RX-8 yake kwa fundi kabla ya safari ya Mbeya, na aanze daftari: kilomita, tarehe, oili aliyoongeza. Kiasi cha kuzingatia ni kile cha gari lake mwenyewe, na kikishuka au kupanda ghafla bila yeye kubadili uendeshaji, boneti lifunguliwe. RX-8 ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2012. Msomaji mwenye nayo, kama hujui vipaipu vyake vilibadilishwa lini, chukulia kwamba havijawahi kubadilishwa.